PLATO: Tarakilishi Iliyotumwa Kufundisha, Ikazaa Baraza

Leo tuweke misimbo kando tusome historia kidogo. Kila mara mtu anaponiandikia kwamba kuna programu mpya itakayobadilisha shule zetu, mimi huikumbuka mashine moja iliyoanza kufundisha kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Iliitwa PLATO. Simzungumzii yule mwanafalsafa wa Kigiriki. Hili ni jina la mfumo wa tarakilishi ulioanza mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, kule Marekani.

Ninayo sababu ya kuwarudisha huko nyuma. PLATO ilijengwa ili kila mwanafunzi apate mwalimu wake wa mashine, akae naye, asome kwa mwendo wake mwenyewe. Fedha nyingi zilitumika kwa lengo hilo. Lakini jambo lililotoka humo likaenea duniani ni jingine, tena halikuwa katika mpango wa mwanzo: watu walioketi mbalimbali walianza kuulizana na kujibizana. Sisi hapa Kenya tumenunua mashine nyingi za kusomea, na kwa maoni yangu tumelipia nusu ya kwanza ya hadithi hii tukaiacha ya pili. Ngoja niwaeleze.

Kamati yakwama, kijana aanza

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik angani. Wamarekani wakashtuka, wakajiona wameachwa nyuma katika sayansi, na serikali yao ikaanza kumwaga fedha katika elimu. Wakati huo Illinois walikuwa na tarakilishi waliyojitengenezea wenyewe, ILLIAC I, iliyoanza kazi 1952. Ilitumia valvu za vioo, maana transista bado zilikuwa changa. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa na nafasi 1024 tu, kila moja ya biti 40. Piga hesabu: ni kama kilobaiti 5. Ile picha ya maua na "Asubuhi njema" unayotumiwa na shangazi kwenye WhatsApp inaishinda mara nyingi.

Je, mashine kama hiyo ingeweza kufundisha? Daniel Alpert, mkuu wa maabara mojawapo pale chuoni, aliwakusanya wahandisi, wanahisabati na wanasaikolojia wajadili. Walijadili, wakashindwa kuafikiana. Ndipo Alpert alipoongea na mhandisi mmoja kijana wa miaka 26, Donald Bitzer, ambaye alisema yeye anaweza kuanza. Akaanza.

PLATO I ilihudumia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliketi mbele ya skrini ya televisheni na vitufe vichache. Alisoma ukurasa, akaulizwa swali, akajibu, mashine ikamwambia kama amepata au amekosa. Akikwama alibonyeza kitufe cha msaada, naye akapelekwa pembeni kwenye maswali mepesi zaidi, kisha akarudishwa pale alipokwamia. Mwaka 1961 ikaja PLATO II, ya watu wawili. PLATO III, katikati ya miaka ya 1960, ilitosha darasa la viti 20.

Tukiangalie kile kitufe cha msaada. Ilikuwa akili nzuri sana kwa wakati ule. Lakini msaada wenyewe uliandikwa mapema na mtu ambaye hakumjua mwanafunzi yule, na aliyebashiri tu pale ambapo watu wangekwama. Ukikwama mahali ambapo hakupafikiria, kitufe hakikuwa na la kukuambia. Programu nyingi za masomo zilizomo katika rununu zetu leo zinafanya kazi vivyo hivyo, ila zimepakwa rangi nzuri zaidi.

Walimu wapewa kalamu

Hapo mwanzo, kuandika somo la PLATO kulihitaji mtu aliyebobea katika tarakilishi. Mwaka 1967 Paul Tenczar, mwanafunzi aliyekuwa akisomea elimu ya wanyama, alibuni lugha iitwayo TUTOR. Kwa lugha hiyo mwalimu wa kemia au wa Kifaransa aliweza kujiandikia somo lake. Maryann Bitzer, muuguzi na mkewe Donald, alikuwa tayari ameonyesha faida ya kumhusisha mwenye taaluma: somo lake la uuguzi lilimweka mwanafunzi mbele ya mgonjwa wa moyo, mgonjwa wa kubuni ndani ya mashine, naye mwanafunzi akatakiwa kuamua afanye nini.

Tatizo jingine lilikuwa bei. Skrini za wakati ule zilihitaji kuchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na kwa hiyo kila skrini ilihitaji kumbukumbu yake, na kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Mwaka 1964 Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson walitengeneza skrini ya plazma. Ni vioo viwili vyenye gesi katikati; nukta ikishawashwa hubaki imewaka yenyewe hadi uizime. Hapo skrini yenyewe ikawa ndiyo kumbukumbu. Zile televisheni bapa za plazma zilizouzwa madukani miaka ya 2000 ni wajukuu wa kioo hicho. Walitafuta namna ya kuwapa wanafunzi wengi skrini kwa bei nafuu, wakazaa tawi zima la biashara ya televisheni.

Mwaka 1972 PLATO IV ilikuwa tayari. Kila mtumiaji alikuwa na terminali, yaani skrini na kibodi bila tarakilishi ndani, iliyounganishwa na tarakilishi kuu ya pale chuoni, hata kwa laini ya simu. Skrini iling'aa rangi ya chungwa, nukta 512 kwa 512, na ulipoigusa kwa kidole ilijua umegusa wapi. Nasema tena, 1972. Mfumo ulikua hadi ukaweza kubeba watu kama elfu moja kwa pamoja, wengine wakiwa katika shule na vyuo vya mbali.

Agosti 1973

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Mfumo mkubwa una hitilafu nyingi (waandishi wa programu wenzangu wanajua), na watumiaji walihitaji mahali pa kuziripoti. Walikuwa na faili moja la wazi. Yeyote aliweza kuandika humo, kwa jina lolote, na yeyote aliweza kufuta maneno ya mwenzake. Fujo tupu.

Tenczar alimpa kazi hiyo David Woolley, kijana wa miaka 17. Woolley aliandika programu iliyoitwa Notes, ikatolewa Agosti 1973. Ilikuwa rahisi. Ukiandika ujumbe, mfumo wenyewe uliweka jina lako, tarehe na saa. Wengine waliweza kujibu, na majibu yote yalipangwa chini ya ujumbe ule ule. Hukuweza kufuta ya mwenzako. Ziliwekwa sehemu tatu: matangazo ya mfumo, maswali ya msaada, na mazungumzo ya kawaida.

Ile sehemu ya pili ndiyo inayonigusa. Mgeni aliyekwama aliandika swali, na mtu aliyelijua jambo, ambaye huenda hawakuwahi kuonana, alilijibu. Tena jibu halikupotea: aliyekwama mahali pale pale mwezi uliofuata alilikuta. Kitufe cha msaada cha 1960 kilikuwa na majibu ya maswali yaliyobashiriwa. Hapa palikuwa na majibu ya maswali yaliyoulizwa kweli.

Mwaka huo huo Woolley na Doug Brown walitengeneza Talkomatic, ambapo watu watano waliongea kwa pamoja kwa maandishi, kila herufi ikionekana papo hapo inapopigwa. Pakawa pia na njia ya kumwita mtu mmoja mkaongea chini ya skrini, na ukitaka ulimruhusu aione skrini yako kama ilivyo. Wasimamizi waliitumia njia hiyo kuwasaidia walimu walioandika masomo: mwalimu amekwama mji mwingine, msaidizi anaona kile anachokiona mwalimu na kumwelekeza. Mwaka 1974 zikaja barua za mtu kwa mtu. Mwaka 1976 mtu yeyote mwenye sababu aliweza kuwa na baraza la kikundi chake, na yakaota mengi: ya masomo, ya vitabu, ya muziki, ya siasa. Watu walifanya urafiki na wengine wakaoana.

Nisiwadanganye, haikuwa pepo. Michezo ilizidi. Empire, mchezo wa vita vya angani wa wachezaji wengi, ulianza 1973, na wapo waliokesha wakiucheza badala ya kusoma. Wazazi wa leo wanaolia kuhusu rununu wajue kilio hicho kina zaidi ya miaka 50. Tena mabaraza yale yaliwafaa zaidi wanafunzi wa chuo, walimu na waandishi wa masomo. Mtoto wa shule ya msingi aliyekuwa na nusu saa kwenye skrini ya hesabu hakupata nafasi kubwa humo.

Hesabu ya faida

Mwaka 1976 kampuni ya Control Data ilianza kuuza PLATO kibiashara. Mkuu wake, William Norris, aliamini kabisa kwamba elimu kwa tarakilishi ndiyo biashara ya kesho, akatumia mamia ya mamilioni ya dola. Hata Afrika ilifika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa, na mtambo mkubwa zaidi ulikuwa Chuo Kikuu cha Western Cape, kilichofunguliwa 1960 kwa ajili ya wale ambao sheria za ubaguzi wa rangi ziliwaita Machotara. Fikiria hilo: utawala uliowazuia vijana hao kuingia vyuo vya Wazungu haukuona shida kuwekewa mashine za kisasa za kuwafundisha wakiwa kando. Mashine inaweza kumfikia mtu na ukuta ukabaki pale pale.

Je, masomo ya PLATO yalifundisha vizuri kuliko darasa la kawaida? Katika miaka ya 1970 shirika la Educational Testing Service liliupima mfumo huo katika vyuo vya jamii vya Illinois. Wanafunzi waliupenda, na walimu wengi pia. Lakini katika alama za mitihani, na katika idadi ya wanaoacha masomo, haikuonekana tofauti ya kutegemewa kati yao na wenzao wa darasa la kawaida. Kwa mfumo ghali namna ile, hilo lilikuwa pigo. Tarakilishi ndogo za mezani nazo zikaja, bei rahisi, na mwaka 1989 Control Data ikaiuza biashara yake ya PLATO. Mjukuu wa mwisho wa mfumo wa Illinois, NovaNET, alizimwa Agosti 2015.

Baraza lilikuwa na maisha marefu zaidi. Ray Ozzie, aliyefanya kazi kwenye PLATO akiwa mwanafunzi wa Illinois, alitoka na wazo la Notes akaliunda upya kwa ajili ya maofisi. Likatoka 1989 kwa jina Lotus Notes na likatumiwa na mamilioni ya wafanyakazi. Bitzer mwenyewe alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 90.

Kutoka redio hadi Moodle

Huenda ukasema: sawa, lakini hiyo ni bahati ya wahandisi wa Illinois. Basi tazama mfano wa pili. Martin Dougiamas alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, mbali na shule yoyote ya kawaida. Alisoma kwa redio ya masafa mafupi: mwalimu yuko upande mmoja wa nchi, watoto wametawanyika upande mwingine, na vifaa vya kusomea vinaletwa kwa ndege. Ukubwani alisimamia mfumo wa masomo ya mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Curtin, hakuridhika nao, akaandika wa kwake na kuutoa bure, msimbo ukiwa wazi. Huo ndio Moodle, toleo la 1.0 likiwa la tarehe 20 Agosti 2002. Aliujenga juu ya imani kwamba watu hujifunza wanapotengeneza kitu na kuwaonyesha wenzao. Ndiyo maana baraza la majadiliano limekuwa ndani yake tangu mwanzo. Wengi wenu mliopita vyuo vikuu vyetu mmeutumia, hata kama hamkujua jina lake.

Nami niseme ninachokijua. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu, chuo kilikuwa na tovuti ya masomo yenye kila kitu, baraza likiwemo. Mihadhiri ilipakiwa, kazi zikakusanywa, na baraza likabaki tupu mwaka mzima, kwa sababu hakuna mhadhiri aliyeingia humo kujibu. Darasa lilihamia kwenye kikundi cha WhatsApp. Saa tano za usiku mtu anapiga picha skrini yake, "jamani hii imekataa", na kabla ya saa sita wenzake watatu wamemjibu. Wengi wetu tulifaulu somo la miundo ya data kwa njia hiyo.

Lakini WhatsApp ni mto, maneno hupita. Swali la wiki ya pili liliulizwa tena wiki ya tano na wiki ya kumi, na lile jibu zuri lilikuwa limezama chini ya mizaha na michango ya harusi. Kijana Woolley alilitatua jambo hilo 1973: swali lina kichwa chake, majibu yapo chini yake, na vyote vinabaki. Ni aibu kidogo kwetu sisi wa fani hii kwamba, baada ya miaka zaidi ya 50, mwanafunzi wa Kenya bado anatafuta jibu la jana kwa kusukuma skrini juu kwa kidole.

Na sisi je?

Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka kuwa tabuleti, na usambazaji ukaanza 2016. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Si kazi ndogo, na niwape heshima yao waliounganisha umeme hadi shule ambazo hazijawahi kuuona. Masomo yalikuwa yamepakiwa ndani, na kila shule ilipewa seva yake ndogo. Lakini mpango wote ulikuwa wa kupeleka masomo kwa mtoto. Mtoto wa Turkana aliyekwama kwenye sehemu za desimali hakuwa na njia ya kumuuliza mtu Kisumu, na mwalimu aliyegundua kosa ndani ya somo hakuwa na pa kuliweka ili mwenzake wa Kwale alione. Baadaye magazeti yaliandika habari za vifaa vilivyoibwa na vilivyofungiwa stoo. Kifaa kisicho na mtu upande wa pili huzoeleka haraka, kisha husahaulika.

Kisha likaja janga la korona. Machi 2020 shule zilifungwa, na walimu bila kuagizwa wakafungua vikundi vya WhatsApp, wakapiga picha ubao, wakasahihisha kazi kwa sauti za kurekodiwa. Wasio na simu za kisasa walibaki nje, na hao walikuwa wengi. Lakini hata kwao tayari kulikuwa na mfano. Eneza Education, iliyoanzia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilituma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kwenye simu yoyote, hata ya kadudu, na iliweka huduma ya kumuuliza mwalimu: mtoto anaandika swali, mwalimu wa kweli anamjibu. Haihitaji skrini ya plazma. Inahitaji mtu aliyelipwa kujibu.

Na hapo ndipo penye uzito. Programu ukishaiandika mara moja inanakiliwa bure, lakini mwalimu wa kujibu maswali anataka mshahara kila mwezi. Ndiyo maana wauzaji hawapendi kumtaja, na ndiyo maana bajeti hazimtaji. Illinois waliwaajiri wasaidizi wa kukaa mtandaoni kwa kazi hiyo. Baraza la chuo chetu lilikufa kwa kuwakosa.

Kwa hiyo, wewe mwalimu mkuu, au mzazi uliye kwenye bodi ya shule, atakapokuja mtu na programu yake yenye video na maswali ya kujisahihisha, mwache amalize kuionyesha. Kisha mwambie ajifanye mtoto asiyeelewa, aandike swali lake humo ndani. Muulize swali hilo linakwenda kwa nani, litajibiwa lini, na nani anamlipa huyo mwenye kujibu. Muulize kama mtoto wa mwaka ujao atalikuta jibu hilo. Akikosa la kusema, mjue mnauziwa kitufe cha msaada cha mwaka 1960, na bei ijadiliwe hivyo.